Je, wajua kwa nini mgodi uliokuwa salama jana unaweza kuua leo?

Uingereza imejaa migodi iliyoachwa: ya makaa ya mawe kaskazini mwa England na huko Scotland, ya bati na shaba Cornwall, ya mawe bamba ya kuezekea Wales. Wapo watu ambao starehe yao ya wikendi ni kuingia humo kwa makundi, kofia ngumu kichwani, taa kwenye paji la uso, wakimfuata mtu mmoja anayejua njia. Waulize hatari kubwa ni ipi, wengi watasema dari kuporomoka. Waulize nani atawajibika mtu akiumia, watasema hakuna, kwa kuwa kila mmoja ametia saini fomu ya kukubali kwamba anaingia kwa hiari yake. Majibu yote mawili yana kasoro.

Dari huanguka kweli. Lakini kila anayeingia mgodini huitazama dari, ilhali wachache hutazama wanapokanyaga. Wachimbaji wa zamani walipofuata mshipa wa madini kwenda chini, waliacha ufa mrefu nyuma yao. Ili wapate pa kupita, walitandika magogo juu ya ufa huo, wakamwaga vifusi, wakaendelea na kazi. Baada ya miaka mia na zaidi magogo yameoza, vifusi bado vipo, na kwa macho hiyo ni ardhi kama ardhi nyingine.

Halafu kuna hewa, na hapa imani potofu ni nyingi zaidi. Watu humkumbuka yule ndege mdogo wa njano wa wachimbaji, kanari. Mwanasayansi John Scott Haldane ndiye aliyependekeza atumiwe, miaka ya 1890, na migodi ya Uingereza iliacha kumtumia mwaka 1986. Kazi yake hasa ilikuwa kuonya kuhusu kaboni monoksaidi, gesi ya baada ya moto au mlipuko. Katika mgodi ulioachwa tatizo la kawaida ni jingine: oksijeni imeliwa. Makaa, madini yenye salfa na mbao zinazooza huivuta polepole, mwaka baada ya mwaka, na kinachobaki ni naitrojeni pamoja na hewa ukaa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka hadi karibu 16 mwali wa mshumaa huzimika. Chini ya 10 mtu huweza kuzimia bila kupata nafasi ya kusema lolote. Viwango hivi hutofautiana kati ya mtu na mtu, lakini mwelekeo ni huo. Ubaya wake ni kwamba mwili haupigi kelele oksijeni inapopungua. Kinachotufanya tuheme ni hewa ukaa kuzidi. Ikiwa hiyo ni kidogo, mtu hujisikia mzima, pengine hata mchangamfu, hadi magoti yanapolegea. Wachimbaji wadogo wa Mererani, wanaoshusha hewa mashimoni kwa kompresa na mipira, hawahitaji kuelezwa sana jambo hili.

Sasa, kwa nini jana na leo zitofautiane? Fikiria mivukuto ya mhunzi. Mgodi wenye mlango mmoja ni ule mfuko wa ngozi, na mkono unaoubana ni uzito wa anga lote lililo juu yetu. Siku ya jua na utulivu shinikizo la hewa hupanda, mkono unakaza, na hewa safi ya nje inasukumwa kuingia ndani. Dhoruba inapokaribia shinikizo hushuka, mkono unalegea, na hewa iliyokuwa imebanwa huko ndani hutanuka na kutafuta mlango. Si hewa kidogo. Chukua mgodi wenye nafasi ya mita za ujazo 100,000, na shinikizo lishuke kutoka milibari 1,020 hadi 990, jambo la kawaida kabisa katika majira ya baridi ya Uingereza. Mita za ujazo zipatazo 3,000 zitatoka. Katika njia yenye upana wa mita mbili na kimo cha mita mbili, hizo zinajaza mita 750. Yaani hewa mbovu iliyokuwa imelala kwenye vina vya mgodi inaweza kusogea robo tatu ya kilomita kuelekea mlangoni, bila jiwe hata moja kutikisika. Migodi yenye milango miwili ya vimo tofauti hufuata zaidi tofauti ya joto la ndani na nje, kwa hiyo kanuni hii haifai kushikwa kama msahafu.

Huhitaji hata kuingia mgodini ili yakukute. Gorebridge, Scotland, wakazi waliugua mwaka 2013 na 2014 kwa hewa ukaa iliyopanda kutoka machimbo ya zamani ya makaa hadi ndani ya nyumba zao. Nyumba 64 zilibomolewa, nazo zilikuwa mpya tu.

Turudi kwenye fomu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 kuhusu haki za walaji, kama ile ya mwaka 1977 iliyoitangulia, inasema wazi kwamba mtu anayefanya biashara hawezi, kwa mkataba wala kwa tangazo, kujivua dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake. Saini ya mgeni haifuti hilo. Kiongozi wa kujitolea, asiyelipwa, sheria hiyo haimgusi kwa namna ileile, lakini wajibu wa kuwa na uangalifu unaostahili bado anao. Mahakama hazimlindi mgeni dhidi ya kila kitu. Mwaka 2003, katika kesi ya kijana aliyejirusha kwenye maji ya kina kifupi ya ziwa la bustani akavunjika shingo, majaji wa juu walikataa kumlipa fidia, kwa sababu hatari ilikuwa wazi na alijitakia. Hapo ndipo hewa ya mgodi inapomgeuka kiongozi. Hewa isiyo na oksijeni haionekani, hainuki, na mgeni hana namna ya kuijua. Kiongozi anayo: kipima gesi kinacholia oksijeni inapopungua, na utabiri wa hali ya hewa ambao ni bure. Akisema alikagua Jumatatu, swali litakuwa barometa, kipima shinikizo la hewa, ilisema nini Jumatano.

Kwa watoto masharti ni makali zaidi. Vijana wanne walipokufa maji wakiendesha kayaki katika ghuba ya Lyme, Machi 1993, bunge lilipitisha sheria mwaka 1995 ya kuwataka wanaouza shughuli za namna hiyo kwa walio chini ya miaka 18 wawe na leseni. Kuingia migodi isiyochimbwa tena kumo kwenye orodha. Vilabu vinavyochukua wanachama wake na shule zinazopeleka wanafunzi wake havihitaji leseni hiyo, ingawa hatari ni ileile.

Lipo pia deni ambalo kiongozi analilipa peke yake. Migodi ya Cornwall hutoa radoni, gesi yenye mionzi inayotoka kwenye mwamba wa matale. Mgeni huivuta saa mbili akaenda zake. Kiongozi hurudi kesho na kesho kutwa, na akiwa ameajiriwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kupima radoni hiyo na kuhesabu saa zake za chini ya ardhi.