Kompresa kwenye miksi inafanya nini hasa

Madogo wengi wa studio za mtaani hapa Dar, iwe Mbagala, Tandale au Sinza, ukiwauliza kazi ya kompresa, kile kifaa cha kubana sauti wakati wa miksi (kuchanganya sauti zilizorekodiwa), wanakwambia inanenepesha sauti, na siwalaumu maana ukiwasha plagini (kompresa ya kwenye kompyuta) na preseti yake, yaani mpangilio uliokuja nayo tayari, sauti kweli inapanda. Ila kompresa kazi yake ni kushusha. Kinachopandisha ni geini, yaani nguvu ya sauti, inayoongezwa baadae, na ukishaelewa hapo mengine yote yanakaa sawa.

Chukulia msanii anaimba vesi kwa kunong'ona, mita inasoma desibeli -20 (namba ikikaribia sifuri ndo sauti kubwa), af akifika kwenye kiitikio anapaza mpaka -6. Hiyo tofauti ya desibeli 14 ni kubwa sana, juu ya biti nzito vesi inazama kabisa. Fundi angeweza kukaa na kidole kwenye feda, ile swichi ya kusogeza ya kupandisha na kushusha sauti, msanii akipaza anashusha, akitulia anarudisha, na kompresa ni kidole hicho hicho ila chenyewe hakichoki na kina kasi ya ajabu.

Unaanza na threshodi, yaani mstari ambao sauti ikiuvuka ndo inaguswa. Tuweke -18. Rasio tuweke 4 kwa 1, maana yake kila desibeli 4 zinazovuka mstari inatoka 1 tu. Kiitikio kilikuwa kimevuka kwa 12 kwahiyo kinatoka kimevuka kwa 3, yaani -15, na vesi iko chini ya mstari haijaguswa kabisa, ile tofauti ya 14 imebaki 5. Sasa ongeza geini desibeli 9: kiitikio kinarudi -6 pale pale kilipokuwa, vesi inapanda hadi -11, na huo ndo unene watu wanaousikia. Ila zile 9 hazichagui, kama feni ya chumbani ilikuwa inasikika kwa -55 sasa iko -46, kwahiyo wakati wa kurekodi zima feni hata kama ni Februari.

Ataki na rilisi ndo zinatenganisha miksi na miksi. Ataki ni muda kompresa inaotumia kukamata sauti ikishavuka mstari. Kwenye kiki, yaani ngoma kubwa ya besi, ukiweka milisekunde 1 ule mgongo wa mwanzo, kile kishindo cha kwanza, unabanwa na ngoma inalala, ukiweka 30 ule mgongo unapita kwanza ndo mkia unashikwa, ngoma inapiga kifuani. Angalizo kwa wanaotumia plagini zinazoiga 1176, ile kompresa ya Marekani ya mwaka 1967, ataki yake imegeuzwa: ukizungusha hadi 7 ndo haraka kabisa na 1 ndo taratibu, na hata hiyo taratibu yenyewe haifiki milisekunde moja.

Rilisi ni muda wa kuachia, na hapa hesabu ya tempo inasaidia sana. Wimbo wa bipiemu (mapigo kwa dakika) 100, pigo hadi pigo ni milisekunde 600, rilisi ya 500 inatosha, kompresa inapumua kabla kiki nyingine haijaja. Ibebe hiyo hiyo uipeleke kwenye singeli ya bipiemu 200 ambapo pigo hadi pigo ni 300, kompresa haipati nafasi ya kuachia, inabaki imekaba mwanzo mwisho na ule mchakamchaka wote unakufa. Singeli inataka rilisi fupi jamani.

Rasio ikifika 10 kwa 1 na kuendelea watu wanaiita limita, mara nyingi inakaa mwisho kabisa wa miksi.

Ukitaka kujua kama umepatia, weka geini mpaka ukizima na kuwasha kompresa sauti zilingane ukubwa, maana sikio letu linapenda kilicho juu hata kama kimeharibika. Ndo uzime na kuwasha ukiwa umefumba macho. Kwa vokali, mita ya kompresa ikicheza kwenye kushusha desibeli 3 hadi 6 kwa nyimbo nyingi inatosha, ila ukiona inashusha 15 muda wote pandisha threshodi, au mrudishe msanii kwenye maiki umwambie akifika kwenye kupaza arudi nyuma hatua moja.