Multipart/form-data ni nini?

Fomu ya maombi ya kazi ina jina, namba ya simu na picha ya kitambulisho. Jina na simu ni maandishi, picha ni baiti tupu, na vyote vinatakiwa kufika kwenye API (mlango wa seva unaopokea data kutoka programu nyingine) kwa ombi moja la HTTP, lugha ya mawasiliano ya wavuti. Multipart/form-data ni utaratibu wa kuvifunga pamoja bila kuvichanganya: mwili wa ombi hugawanywa vipande, kila kipande na jina lake.

Kwa kawaida fomu ya HTML hutuma data kwa mtindo wa jina=Asha&mji=Tanga. Kwa maandishi mafupi unatosha kabisa. Kwa picha ni hasara, kwani baiti nyingi huandikwa kwa alama tatu kila moja, kama %FF. Wengine huigeuza picha kuwa Base64 (baiti zikiandikwa kwa herufi za kawaida) ndani ya JSON, muundo wa data wa maandishi. Nako kila baiti 3 huwa herufi 4. Njia ya vipande ilipendekezwa mwaka 1995 katika RFC 1867 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), na leo inaongozwa na RFC 7578 ya mwaka 2015.

Kiini chake ni mpaka, yaani boundary:

Content-Type: multipart/form-data; boundary=xYz123

--xYz123
Content-Disposition: form-data; name="jina"

Asha
--xYz123
Content-Disposition: form-data; name="picha"; filename="kitambulisho.jpg"
Content-Type: image/jpeg

...baiti za picha...
--xYz123--

Tazama vistari viwili mbele ya kila mpaka. Mpaka wa mwisho una vingine viwili nyuma. Hivyo ndivyo seva inavyojua mzigo umekwisha. Mpaka wenyewe, usiozidi herufi 70, haupaswi kutokea ndani ya data, ndiyo maana programu hubuni herufi za kubahatisha.

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Niliwahi kupoteza jioni nzima seva ikinirudishia 400, yaani ombi bovu, kumbe nilikuwa nimeandika Content-Type kwa mkono bila boundary. Vipande vilifika vyote, ila seva haikujua pa kuvikata. Niliufuta mstari ule, mambo yakaenda. Ukitumia FormData na fetch za JavaScript, mwachie kivinjari aandike mstari huo mwenyewe. Kwa curl, programu ya kutuma maombi ya HTTP kwa amri, tumia -F:

curl -F 'jina=Asha' -F 'picha=@kitambulisho.jpg' kisha anwani ya API.

Usiisahau ile @. Bila hiyo, kinachotumwa ni neno "kitambulisho.jpg" tu, na picha inabaki kwenye kompyuta yako.