Kinu cha upepo kinazunguka, mbona tangi halijai?

Anayetaka kufunga kinu cha upepo kisimani huuliza kwanza ukubwa wa gurudumu. Aanze na kasi ya upepo wa pale pale. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya upepo huzidi mara nane. Chukua gurudumu la kipenyo cha mita 3 na maji ya kuinuliwa mita 20. Tukikadiria kwamba sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo ndiyo inayofika kwenye maji, upepo wa mita 4 kwa sekunde utatoa karibu lita 500 kwa saa. Ukipungua hadi mita 3, ni lita 210 tu. Kwa hiyo pwani, ukubwa wa tangi upangwe kwa maleleji, majira ya upepo hafifu, kusi ikiwa imekata na kaskazi haijaingia.

Gurudumu huzungusha giaboksi iliyo juu ya mnara, na humo mzunguko hugeuzwa kuwa mwendo wa kupanda na kushuka. Ufito wa chuma huupeleka mwendo huo hadi kwenye silinda kisimani, ambako pistoni yenye ngozi huinua maji. Kwa kina hicho cha mita 20, pistoni ya sentimita 7.5 hubeba takriban kilo 88 za maji, mbali na uzito wa ufito. Hii ndiyo sababu kinu cha maji huwa na mapanga mengi, mara nyingi 18, wakati mitambo ya umeme wa upepo ya Ngong, Kenya, ina matatu: hiki kinahitaji nguvu ya kuanzia, si mbio. Ukiweka silinda kubwa kwa tamaa ya maji mengi, upepo mwepesi hautaweza hata kukianzisha.

Kinu kikizunguka vizuri na maji yakawa haba, mara nyingi ngozi ya pistoni imelika au vali ya chini, inayozuia maji kurudi kisimani, imeshika mchanga. Kuijua vali ni rahisi: funga breki jioni, kisha asubuhi hesabu pistoni inapanda mara ngapi kabla maji hayajatoka. Yakichelewa, maji ya bombani yamevujia kisimani usiku kucha.

Oili ya giaboksi ibadilishwe kila mwaka. Bawaba ya mkia unaoelekeza gurudumu ipakwe grisi wakati huo huo, kwani ikishika kutu gurudumu halitaukwepa upepo mkali, na mapanga yatapinda. Asipande mtu mnarani kabla breki haijafungwa na gurudumu kusimama kabisa.