Kutania si kutaniana

Kazi yangu ni kusikiliza malalamiko ya wafanyakazi. Wengi hudhani nashinda na mishahara iliyopunjwa na likizo zilizonyimwa. Hayo yapo, ila mafaili mengi yanayonichosha huanza na sentensi hii: "Najua ni utani tu, lakini..." Anayeanza hivyo kwa kawaida ameshalala na jambo hilo wiki kadhaa, na bado anajiuliza kama anajidekeza.

Swali langu la kwanza huwa moja: wewe ungeweza kumrudishia? Kiswahili kimeturahisishia, maana kina kutania na kina kutaniana. Watu wawili wa zamu moja, huyu anamcheka mwenzake upara na yule anamcheka huyu kitambi, wanataniana. Lakini msimamizi anayemwuliza binti wa mapokezi, mbele ya watu, kama usiku alilala peke yake, hataniani na mtu. Binti hana la kurudisha. Akinyamaza ataambiwa kapenda, akijibu ataambiwa hana adabu. Na wale waliocheka pembeni msiwahesabu kama mashahidi kwamba lilikuwa jambo la kuchekesha. Nusu yao walicheka ili zamu isiwafikie wao.

Mtaniaji naye ana kinga yake: "Sikuwa na nia mbaya." Mara nyingi ni kweli. Shida ni kwamba nia haifuti kilichompata mwenzake. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, umeliweka hilo vizuri. Unazungumzia mwenendo unaolenga kudhuru, au uliodhuru, au unaoelekea kudhuru, uwe umetokea mara moja au umejirudia. Unagusa pia vitisho vya kufanya hivyo, pamoja na mawasiliano ya kazi ya simu na kompyuta, safari za kikazi na sherehe za kazini. Unazibana nchi zilizouridhia tu, ila hata kama yako haimo, maneno yale ni kipimo kizuri cha kuandikia kanuni za ofisi. Kwa hiyo "ilikuwa kwenye grupu la WhatsApp, tena usiku" si mlango wa kutokea.

Nami nimewahi kuharibu. Mwanzoni mwa kazi hii alinijia mama mmoja wa masjala. Mwenzake kila wakipishana kwenye ngazi alimwambia, "Siku moja nitakusukuma wewe." Nikamwita yule bwana, nikamwuliza: "Ulikuwa unatania?" Angejibu nini? Akasema ndiyo jamani, tukacheka wawili, nikaandika kwenye faili kwamba yameisha. Mwezi uliofuata nikamwona yule mama anapandia ngazi za mwisho kabisa wa jengo, mafaili kifuani, anahema. Nikamwuliza mbona anazunguka. "Nimezoea huku," akasema, bila kunitazama. Swali langu lilikuwa limempa mtu jibu mkononi. Siku hizi nauliza: ulisema maneno gani hasa? Mara ngapi? Kwa nini yeye na si mwingine? Mtu akilazimika kuyarudia maneno yake kwenye chumba kisicho na kicheko, sura hubadilika yenyewe.

Masihara ya kuumiza na kuua yanataka sikio la pekee, na hapa watu hukosea pande zote mbili. Tuchukue sentensi mbili. Ya kwanza: "Nitakuua wewe!" anafoka mtu aliyekuta chaja yake imebebwa tena. Ya pili, ya taratibu: "Wakinifukuza, naanzia na yule wa meza ya dirishani. Huwa anafika saa moja na robo, mlinzi bado hajaja." Ya kwanza ina neno la kutisha. Ya pili haina neno kama hilo, tena inaweza kusemwa kwa tabasamu, lakini ina mtu, ina mahali, ina saa na ina kisa. Ndiyo ninayoikimbilia. Kelele hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni kujua kwamba mtu amekaa akapiga hesabu.

Robert Fein na Bryan Vossekuil, waliofanya utafiti na idara ya ulinzi wa viongozi ya Marekani na kuutoa mwaka 1999, walifuatilia watu 83 waliowashambulia watu mashuhuri au kuwakaribia kwa nia hiyo tangu 1949. Chini ya mmoja kati ya kumi ndiye aliyemtishia moja kwa moja mlengwa wake au kuwapelekea polisi tishio lile. Wengi, hata hivyo, walikuwa wameshadokeza kwa watu wao wa karibu au kuandika pembeni. Wale hawakuwa wakiwavizia wafanyakazi wenzao, kwa hiyo nisiivute hoja mno. Ila kutoka hapo nilijifunza kwamba anayetisha na anayeweza kudhuru si lazima wawe mtu mmoja, na kwamba anayesikia fununu kwanza ni jirani wa meza. Si kazi ya jirani huyo kuamua kama mwenzake alikuwa anatania. Kazi yake ni kufikisha maneno siku ileile, bila kumkabili peke yake, na bila kumjibu kwa masihara mengine. Ikiwa mtu ametaja silaha na yuko njiani, mpigie mlinzi au polisi kwanza. Mimi nitafute baadaye.

Kwa yale ya kawaida, ya matusi ya nguoni na vijembe vya maumbile, huhitaji hotuba. Usicheke. Rudia maneno yake kwa sauti ya kawaida: "Umesema nini, kwamba alipandishwa cheo kwa mapaja?" Kisha nyamaza. Ukiwa shahidi, sema "hiyo hapana" na uendelee na kazi. Sentensi moja ya shahidi humpunguzia mlengwa mzigo kuliko barua yangu ya onyo, nami ninazipenda sana barua zangu.

Na andika. Ukileta "alinidhalilisha" nitahangaika nayo. Ukileta maneno yenyewe, hata yakikutia aibu, na tarehe, saa na waliokuwepo, nina pa kuanzia. Ya kwenye simu yapige picha kabla hayajafutwa.

Yule bwana wa ngazi nilimwita tena. Mwanzoni alitaka kuomba radhi "kama nilimkwaza". Nikamwambia hiyo "kama" aiache mlangoni. Akakaa kimya muda mrefu, akaandika mistari miwili: nilisema nitakusukuma, nilisema zaidi ya mara tano, sitasema tena. Mama aliisoma, akaikunja, akaitia mkobani. Hakutaka kupeana naye mkono, na sikumlazimisha. Ngazi za karibu alianza kuzitumia baada ya wiki mbili hivi, mwanzoni kwa kuongozana na mtu.