Kwa nini kisiki cha mlingoti hakikubali kufa

Wakulima wa Mufindi na Njombe huniuliza: mbona ukikata mlingoti, yaani mkaratusi, leo, msimu ujao kisiki kimejaa maotea? Na mbona mbuzi akilinusa jani lake anapita zake? Majibu yako Australia, maana karibu spishi zote za mikaratusi, zaidi ya 700, asili yake ni huko.

Australia iliachana na Antaktika zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, ikasogea kaskazini peke yake huku ikizidi kukauka. Ukame kila mtu anautaja. Udongo ndio unaosahaulika, na kwangu mimi ndio wenye habari kubwa. Sisi Rungwe tumedekezwa na majivu ya volkano. Mgomba unaota bila kubembelezwa. Sehemu kubwa ya Australia haijapata volkano mpya, wala barafu ya kusaga miamba, kwa muda mrefu mno. Rutuba imeoshwa na fosforasi, kirutubisho ambacho mimea inakihitaji, iliyobaki ni haba.

Mahali kama hapo jani ni mali ghali, kwa sababu mti ukilipoteza haupati kirahisi virutubisho vya kutengeneza jingine. Kwa hiyo mlingoti unalilinda: gumu, chungu, limejaa mafuta. Mafuta hayo nayo yanawaka vizuri sana. Moto ulipokuwa jambo la kawaida, ilisalia miti inayoweza kuungua ikaamka, yenye vichipukizi vilivyolala chini ya gome. Panga lako, kwa mti wa namna hiyo, halina tofauti na moto.

Koala, mnyama wa huko anayeishi mitini, ameamua kula majani hayohayo. Ini lake linavunja sumu iliyomo, lakini chakula chenyewe ni duni kiasi kwamba hulala hata saa 20 kwa siku. Kangaruu jike ana mpango mwingine: mtoto anaponyonya mfukoni, kiinitete kingine husubiri tumboni bila kukua. Ukame ukimuua wa mfukoni, wa akiba anaanza safari.

Lakini bara lile si jangwa lote. Grandisi, mlingoti tunaoupanda sana kwa nguzo za umeme, kwao ni pwani ya mashariki yenye mvua, na haukujifunza kubana maji. Ukiupanda kando ya kinyungu, yaani bustani ya bondeni, usimlaumu jirani wa juu maji yakipungua.

Miwati ya Njombe, ile miti ya magome yenye tanini ya kutengenezea ngozi, nayo ni ya kusini-mashariki mwa Australia. Mbegu yake ina ganda gumu, hukaa ardhini miaka mingi, na joto la moto ndilo linalolipasua. Anayechoma shamba ili aiondoe anaiotesha upya. Ng'oa miche ingali midogo, kabla haijatoa maua, na rudia kila msimu. Hazina ya mbegu iliyo ardhini haimaliziki kwa mwaka mmoja.