Bibi, Sala na Kidonge: Kumchagulia Mtoto Riwaya

Wazazi wanaofika maktaba hapa Mwanza huuliza: riwaya hii haitampunguzia mtoto imani? Walimu wa sayansi huuliza kinyume chake: haitamjaza ushirikina? Mimi mkutubi huwaomba wote watazame kwanza jinsi mwandishi anavyomtendea bibi wa kwenye hadithi.

Tuseme riwaya ina mvulana wa Kayenze. Kila jioni yuko ziwani, mara kuogelea, mara kumsaidia baba kuvuta mtumbwi. Anaanza kuumwa tumbo, choo kina damu. Shangazi anasema karogwa. Bibi anashika rozari. Mwalimu anasema ni kichocho.

Mwandishi mvivu humalizia hapo: mwalimu ana akili, bibi mjinga, basi. Mtoto anayelala chumba kimoja na bibi yake hatakiamini kitabu hicho, na simlaumu.

Anayeijua kazi yake huichimba sayansi yenyewe, maana humo ndimo hadithi ilimo. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, na vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo. Vikitoka humo hupenya ngozi ya yeyote aliye majini. Kumbe kilichomfuata mtoto ziwani si chuki ya jirani, ni vyoo ambavyo kijiji hakikuchimba. Hilo huiuma familia kuliko uchawi, kwani sasa baba naye ana la kujibu.

Halafu kuna kidonge. Dozi ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, hukadiriwa kwa uzito au urefu wa mtoto, na ni vizuri ameze akiwa ameshakula, tumbo lisimsumbue sana. Uji wa asubuhi hiyo unapikwa na nani? Bibi, rozari ikiwa shingoni. Tena dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, haiweki kinga. Mvulana akirudi majini anaweza kuambukizwa upya. Riwaya inayomponya moja kwa moja kwa kidonge kimoja imeidanganya sayansi, kama vile ile inayomponya kwa sala moja inavyoidanganya imani.

Ukerewe, ng'ambo ya maji hapo, Aniceti Kitereza aliyesomeshwa na wamisionari Wakatoliki alimaliza mwaka 1945 riwaya kwa Kikerewe kuhusu mume na mke wanaohangaika kupata mtoto, waganga na dawa za miti shamba zikiwemo. Kwa Kiswahili ilichapwa 1980. Ni kitabu kinene, si cha darasa la tano, lakini mwandishi wa watoto akikisoma ataona jinsi ya kueleza tiba za wazee bila kuwacheka wazee.

Nyumbani someni pamoja, na mkifika kwenye mganga msiruke kurasa. Mwulize mtoto bibi wa kitabuni anaogopa nini. Kama mwandishi ni hodari, jibu lilishapita kimyakimya sura ya kwanza: bibi alishawahi kuzika mtoto aliyevimba tumbo.