Farasi 15 za kwenye boksi

Kijana alishuka garini na boksi la kichujio cha hewa mkononi. "Fundi, hapa wameandika kinaongeza nguvu za farasi 15. Hebu nipimie." Chini ya boneti kulikuwa na kichujio cha koni, chekundu, kimekaa wazi pembeni mwa injini. Kile cha kiwandani na nyumba yake ya plastiki alikuwa nacho kwenye buti. Nikafurahi, maana wengi hunijia wakiwa wameshakitupa.

Kazi yangu ni kupima nguvu za injini kwa dainamomita: gari linafungwa mikanda, magurudumu yanazungusha rola, kompyuta inachora grafu. Tulikanyaga mafuta mara tatu mfululizo, boneti ikiwa imefungwa kama inavyokuwa barabarani. Mara ya kwanza farasi 121, ya pili 118, ya tatu 114, na hakuna aliyeshika spana. Kilichobadilika ni joto. Ile koni ilikuwa inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na injini yenyewe, na hewa ya nyuzi 50 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 20. Tukaacha injini ipoe, tukarudisha kichujio cha kiwandani, ambacho mdomo wake unachota hewa ya mbele: 120, 119, 119.

Sisemi aliyeandika boksi ni mwongo. Hata mimi naweza kukupatia hizo 15. Kichujio cha zamani nakipima injini imechemka na kikiwa kimejaa vumbi. Kipya nakipima injini imetulia, boneti wazi, feni kubwa mbele. Bado sijagusa kompyuta. Matokeo ya dainamomita hurekebishwa kulingana na hali ya hewa, na kanuni si moja. J1349, ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, hurejea kwenye nyuzi 25. Ile ya zamani, J607, hurejea kwenye hewa ya baridi zaidi, nyuzi 15 na ushei, na hutoa namba kubwa kwa takriban asilimia 4. Kwa injini ya farasi 200, hizo ni farasi 8 ulizopewa na menyu ya programu. Halafu kuna neno "hadi". Hadi farasi 15: hata sifuri imo humo.

Ndiyo maana mteja akinionyesha kilele cha grafu huwa namuuliza mistari mingine iko wapi. Nataka ya kabla na ya baada, mashine ile ile, siku ile ile, gia ile ile, upepo wa tairi ule ule, na si chini ya mara tatu kila upande. Kilele chenyewe hukigusa mara chache. Barabarani unaishi kwenye mizunguko 2,000 hadi 4,000 kwa dakika, na huko ndiko baadhi ya ekzosi kubwa hukunyang'anya nguvu.

Vile vidude vya kuongeza nguvu kwa kuchomeka chini ya dashibodi sina haja ya kuvipima. Niliwahi kufungua kimoja: taa tatu za kumetameta, na nyaya za umeme tu, hakuna hata mmoja uliokwenda kwenye mawasiliano ya kompyuta ya gari. Na vya kupunguza mafuta, EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, imepima au kutathmini zaidi ya 100. Vichache tu vilionyesha nafuu, nayo kiduchu.

Kubadili programu ya injini yenye tabo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ni habari nyingine. Hapo kiwanda huwa kimeacha akiba ya msukumo, na nimeona asilimia 20 na zaidi ikitoka kweli. Ila klachi na giaboksi ni zile zile, na hilo haliandikwi kwenye tangazo. Injini isiyo na tabo, programu ile ile huambulia farasi chache sana.

Kijana alisikiliza yote, akaomba nimchapishie grafu ya kuwaonyesha wenzake. Nikamuuliza ipi kati ya zote sita.

"Ile ya kwanza," akasema. "Ya 121."